Mfalme Hakupiga Magoti

Mjomba wangu alinunua punda huko Zagayu akiwa hajamwona. Aliambiwa tu na mtu waliyekutana naye mnadani kwamba ni punda mtulivu, na mjomba alikuwa mtu wa kuamini maneno ya mnadani. Akanituma mimi nikamlete. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na mtoto mmoja wa kike, lakini kwetu mjomba akikutuma unasahau umri wako. Nikaenda kwa miguu, nikamkuta punda amefungwa kwenye mti wa mnyaa, mwenyewe akanikabidhi kamba haraka haraka kama mtu anayetua mzigo wa moto. Hapo ndipo ilibidi nielewe.

Yule punda alikuwa mgomvi wa kimya. Hapigi teke, haumi, anasimama tu. Anatembea hatua mia, anasimama katikati ya njia, pamba za watu kulia na kushoto, jua la kutoboa utosi, anaangalia mbele kama mtu anayekumbuka jambo. Nilimvuta. Nilimsukuma. Nilimwimbia nyimbo za kulimia. Nilimtukana kwa Kisukuma, halafu kwa Kiswahili, nikidhani labda amezaliwa mjini. Nilimchapa pia, siwezi kuficha, maana mimi ni mtu wa hasira, anayenijua anajua. Watu wa baiskeli wakawa wananipita wananisalimu, "Mwangaluka. Hapo nani anampeleka mwenzie?" Wanacheka mpaka baiskeli zinayumba.

Nyumbani kwetu wakati ule kulikuwa ng'ambo ya Dutwa. Tulifika Dutwa saa tisa mchana, mvua ikashuka, mvua ile ya kwetu isiyobisha hodi. Basi punda aliyekataa kila kitu tangu asubuhi akatoka mbio, akanikokota na kamba yangu mpaka chini ya upenu wa nyumba moja ya mabati iliyokuwa inanguruma. Kilichonguruma ni jenereta. Lilikuwa banda la video.

Ndani watu wamejaa kwenye mabenchi, mbele kuna televisheni ndogo juu ya meza, Wachina wanapigana. Mwenye banda ndiye aliyekuwa anawatafsiria watu kwa sauti yake, maana hakuna aliyejua lugha ile, na siku hiyo koo lilikuwa limemkauka, anatoa upepo tu. Watu wanalalamika. "Anasemaje huyo mwenye ndevu?" Mimi nimesimama mlangoni, nimelowa, nimeshika kamba ya punda, nikajibu bila kufikiri, "Anasema ng'ombe wake wamelala kwenye zizi la huyu mwingine tangu juzi, na leo hatoki bila ng'ombe." Banda zima likalipuka kwa kicheko. Mwenye banda akageuka, akaninyooshea kidole, akanong'ona, "Endelea."

Nikaendelea miaka ishirini na kitu. Punda alifika kwa mjomba kesho yake, na mjomba alinisema sana, lakini hayo tuyaache.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilichunga ng'ombe kuliko nilivyosoma. Kusoma najua, kuandika najua kama mnavyoona, ila Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu ya asubuhi. Watu wengi walidhani nakijua. Sikuwaambia nakijua, na sikuwaambia sikijui. Mwenye banda alikuwa anafahamu. Alipohamishia banda Bariadi mjini, karibu na stendi, alinihamisha na mimi. Tukawa hivyo, yeye jenereta, mimi mdomo.

Kazi ile ina namna yake, na hawa wanaotengeneza picha siku hizi hawajui, ndiyo maana nawakasirikia. Picha ya watu ni ngumu. Mtu wa nyama akisema, midomo yake inakufunga. Ukimwekea maneno marefu kwenye neno fupi, watu wanaona. Macho nayo yanakusaliti, wewe unasema anaomba maji, macho yanasema anapanga kuua. Lakini katuni mdomo wake ni mstari tu. Unafunguka, unafumba, kama mdomo wa mfuko. Unatia unachotaka na mfuko haubishi.

Jumapili mchana ilikuwa zamu ya akina mama na watoto, na kanda waliyoitaka ilikuwa moja. Binti wa mfalme, mama yake amekufa, baba ameoa mke mwingine. Yule mke anakichukia kicheko cha binti, anakichukua anakifungia kwenye chungu, binti anapelekwa jikoni kulisha mabata. Kuna bata anayesema. Kuna mama mmoja mnene anatokea ndani ya taa ya kandili, ana fimbo mkononi, anaanza kutoa amri. Sikujua yule mama ni nani. Lakini mwanamke anayeingia kwa watu bila kuitwa, akaanza kuamrisha na hakuna wa kumjibu, kwetu ni mmoja tu, ni sengi, shangazi. Nikasema ni sengi, dada yake mfalme. Hakuna aliyebisha. Akaja mtoto wa mfalme wa pili na msururu wa farasi, nikasema hao farasi ndio mahari, maana kwao ng'ombe hawastahimili baridi. Wazee wakaafiki, ila mmoja akasema ni wachache kwa binti wa mfalme.

Mwishoni chungu kinapasuka, binti anacheka, na mfalme anapiga magoti mbele yake. Kanda yetu mahali hapo ilikuwa imechakaa, nusu ya chini ya picha ni michirizi mitupu kama mvua. Unamwona mfalme anashuka mpaka usawa wa kiuno cha binti, mdomo unafunguka na kufumba, basi. Sasa mfalme apige magoti ya nini? Kwetu baba hampigii mtoto magoti. Binti ndiye anapiga magoti kumsalimu baba yake, na ataendelea hivyo mpaka awe bibi. Kwa hiyo jambo hilo lilikuwa zito, na mimi nikalipa uzito wake. Nikasema anaomba msamaha. Nikamtilia maneno haya, na watu waliyashika kwa moyo, wengine walikuwa wanayasema pamoja na mimi: "Mwanangu, nilikuwepo. Niliona yote. Sikuwa kipofu, nilikuwa mwoga. Walipokufungia kicheko chako mimi nilikuwa nakula. Leo mbele ya watu hawa nakuomba." Halafu nikaongeza ng'ombe mmoja mweupe wa kumfuta machozi. Ng'ombe hakuonekana kwenye picha, nikasema yuko nje.

Maneno yale sikuyaokota hewani.

Mama yake binti yangu alifariki mtoto ana miaka tisa. Nikaoa. Huyo mke wa pili simsemi hapa, amekwisha kufa, na mwenye kosa ninalolisema si yeye. Binti yangu alifaulu darasa la saba. Jina lake lilibandikwa shuleni, mtoto wa kike peke yake wa kitongoji chetu mwaka ule. Mke wangu akasema, "Akienda huko, nani atatwanga?" Alisema wakati wa kula. Binti alikuwa amepiga magoti ananinawisha, akainua macho kidogo, anangoja nijibu. Nikanawa. Nikamega ugali. Sikujibu siku ile, wala siku ya pili, na shule ikafunguliwa ikaendelea bila yeye. Alitwanga. Halafu akaja mtu na ng'ombe, akaolewa Dutwa, na ng'ombe wale niliwapokea nikawasifia pembe.

Sijawahi kulisema hilo kwake. Ndoa ilipomshinda alihamia Bariadi, akawa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga sokoni, na Jumapili alikuja bandani na wanawe. Alikaa benchi la tatu, pembeni ya nguzo. Ile kanda ikiwekwa hakukosa. Nikifika mahali pa magoti nilikuwa naangalia televisheni kama wengine, lakini sauti naipeleka kwenye nguzo. Yeye alikuwa anamaliza kuangalia, anaweka michembe yangu karibu na spika, anaondoka na wanawe. Hatukuzungumza. Nilijiambia amesikia. Miaka yote ile nilijiambia nimeshaomba, jambo limekwisha.

Sasa waje hawa watu na picha yao mpya.

Nataka kuuliza, na mwenye jibu aniletee. Katuni ilikuwa na kosa gani? Nani aliwatuma waichimbue, watafute watu wa nyama, wawavalishe nguo zilezile, wawasimamishe palepale, halafu waseme ni kitu kipya? Mfupa ulioliwa ukiupaka mafuta haurudi kuwa nyama. Hawana hadithi nyingine huko kwao? Sisi hapa bibi mmoja wa Zagayu asiyejua kusoma anazo arobaini, na akikosa anatunga. Wao wana mashine zote za dunia na wanarudia. Uvivu huo. Kwetu mtu akilima shamba lililokwisha kulimwa watu wanamwita pembeni wanamuuliza kama analala vizuri.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kutafsiri. Siku hizi picha zinakuja zimeshatiwa maneno na vijana wa Dar, wanakijua Kiingereza na wanaongea kama wanafukuzwa. Banda limebaki la mpira. Mwenye banda akanifuata nyumbani, amezeeka kama mimi, akasema, "Ile ya chungu imetoka ya watu. Jumapili mchana naiweka. Njoo ukae mbele, wewe ndiye mwenyewe." Nikaenda. Nilivaa koti.

Watu walijaa kama zamani, ila siku hizi picha inamulikwa ukutani, kubwa. Wanawake niliowajua wakiwa watoto wa kukaa chini wamekuja na watoto mgongoni. Binti yangu alikuwa kwenye nguzo yake, safari hii na mjukuu wake.

Binti wa mfalme alipotokea tu, ugomvi ukaanza. Wa katuni alikuwa mweupe kama maziwa. Huyu mweusi, shingo ndefu, amesuka nywele. Jamaa mmoja wa bodaboda huko nyuma akasema, "Huyu mbona kama watu wetu wa Binza?" Watu wakacheka. Akaendelea, akasema kwenye simu ameona watu huko Ulaya wanatukanana kwa ajili hiyo, wanadai wameharibiwa utoto wao, na yeye yuko upande wao.

Nikageuka. "Wewe mweusi kama chungu cha pombe, utoto wako umeharibiwa na nini? Dada zako wana rangi gani?"

"Mzee, mimi natafuta uhalisia tu."

Uhalisia. Kicheko kinafungiwa chunguni kama maziwa ya mgando, yeye anatafuta uhalisia kwenye ngozi ya msichana. Mimi binti yule nilimhadithia miaka yote kama Msukuma, na kwangu mimi huyu ndiye aliyekuwa sawa. Hilo moja waliliweza, na hilo moja ndilo wajinga wakalikataa.

Halafu akaja bata. Wa katuni alikuwa na kofia, watoto walimpenda. Huyu alikuwa bata kabisa, ana tope kwenye manyoya, jicho la pembeni linakukodolea, kisha akafungua mdomo akasema kwa sauti ya mwanamume. Watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Yule wa bodaboda akasema, "Mimi hapo naona supu," lakini bibi mmoja aliyekuja na wajukuu hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Bata wa kuchora akisema ni hadithi," akasema. "Huyu ana mwenyewe."

Akawakusanya wajukuu wake akaondoka nao, na mimi namuunga mkono mpaka leo. Kitu cha kuchora kinasamehewa mambo mengi. Ukishakipa mate na kucha, kinaulizwa kimetumwa na nani.

Mama mnene alipotoka kwenye kandili, yule mtafsiri wa Dar akamwita jini mwema. Banda zima likamjibu. "Sengi." Mwanamke mmoja akasema, "Jini gani anavaa kilemba cha ukoo? Huyo ni sengi, dada yake mfalme." Mwingine akasema, "Kijana wa Dar hajui kitu, angemuuliza mzee wetu." Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nilinyoosha miguu.

Chungu kikapasuka, binti akacheka. Wote tulijua kinachofuata, na mimi nikasogea ukingoni mwa benchi kana kwamba ndimi nitakayesema. Mfalme alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi, ndevu za kweli. Akamwendea binti. Akafungua mikono, akamkumbatia. Binti akasema, kwa sauti ya yule kijana wa Dar, "Baba, nimekusamehe." Muziki ukapanda. Ikawa basi.

"Mbona hajapiga magoti?" mtu akauliza.

"Umeruka. Rudisha nyuma."

"Sijaruka," mwenye banda akasema. "Ndiyo hivyo ilivyo."

"Amemsamehe nini? Kwani ameombwa?"

"Wameharibu. Hawa wameharibu kabisa."

Wanawake ndio walikuwa wakali zaidi. Walipiga mabenchi kwa viganja. Mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema baba anayekumbatia binti yake kabla ya kusema alichokosa anataka kumziba mdomo tu, na wenzake wakamwitikia. Mimi nimekaa mbele, koti langu limenikaa vizuri, nikaona hasira yao ni kama yangu.

Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi akasimama, mwanamke wa miwani, mpole. Sina ubaya naye, ingawa siku ile nilikuwa nao.

"Samahani jamani," akasema. "Hata kwenye katuni mfalme hakuomba msamaha. Mimi ninayo nyumbani, safi, haina michirizi. Chungu kikipasuka taji la mfalme linaanguka, anainama kuliokota. Anasema, taji langu, taji langu liko wapi. Pale ni pa kuchekesha."

Watu wakamwangalia, halafu wakaniangalia mimi.

"Kwa hiyo mzee alitupiga kamba," akasema yule wa bodaboda.

"Na ng'ombe mweupe je?"

"Yuko nje."

Banda likaanguka kwa kicheko. Wale wale waliokuwa wanapiga mabenchi kwa ajili ya maneno yangu wakawa wanafuta machozi ya kucheka. Na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niitupe wapi. Kwa mwalimu na miwani yake. Kwa watu hawa wanaobadilika kama upepo wa kupepetea. Lakini zaidi kwa yule mfalme. Mtu ana mtoto mbele yake, mtoto ameteswa ndani ya nyumba yake mwenyewe, amesimama hapo na kicheko chake ndiyo kwanza kimemrudia, na yeye anatafuta kofia. Miaka ishirini nilimbebesha msamaha wangu mtu anayetafuta kofia.

Binti yangu hakucheka. Alisimama pale kwenye nguzo, amembeba mjukuu.

"Baba," akasema. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu wakamgeukia. "Kama mfalme hakusema, yale maneno yalikuwa ya nani?"

Mwenye banda, masikini, alidhani ananiokoa. Akazima sauti, akarudisha picha mpaka mfalme anapomwendea binti, akaniletea maiki mkononi. "Watu wanataka magoti, mzee. Hadithia kama zamani." Wakaanza kuitikia, "Hadithia, guku, hadithia, babu," hata wale waliocheka, na kweli naamini walitaka. Yule mwalimu pia alikaa akaweka mikono mapajani.

Nikasimama. Nikashika maiki. Nikamwangalia yule mfalme wa nyama, uso mkubwa ukutani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ndani ya ndevu zile hapakuwa na mahali pa kutia neno. Macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyeshiba, asiyekumbuka kitu, na kila mtu bandani alikuwa anayaona. Nikisema "nilikuwepo, niliona yote," watu wasingeangalia ukutani. Wangeniangalia mimi. Na binti yangu alikuwa bado hajakaa.

Maneno nilikuwa nayo yote, hata moja halikupotea. Nilifungua mdomo nikasikia pumzi yangu inatoka kwenye spika, kubwa, kama ya ng'ombe mgonjwa.

"Wahi, mzee," mwenye banda akanong'ona. "Anamkumbatia sasa hivi."

Nikaweka maiki juu ya spika, ikapiga mlio. Nikapita katikati ya mabenchi, watu wakinipishia magoti yao, wengine wakidhani naenda kujisaidia nirudi. Kwenye nguzo bega langu liligusa la kwake.

"Baba, nimekuuliza," akasema.

Nikatoka juani. Nikashika barabara ya Maswa, ingawa mimi siishi upande huo, nikatembea. Banda lile sijalikanyaga tena.